Mkonge, maziwa na saruji: jinsi kiwanda kinavyoshinda au kushindwa kabla bidhaa haijafika sokoni

Masika yakikolea, majani yakajaa malishoni Muheza na Korogwe, ng'ombe wa mkoa wa Tanga hutoa maziwa mengi kuliko yanavyoweza kupokelewa. Miezi michache baadaye kiangazi hushika, na magari yaleyale ya kukusanya maziwa hurudi kiwandani matangi yakiwa nusu. Ng'ombe hajui mpango wa mauzo. Mnunuzi wa Dar es Salaam naye hajui mvua za Tanga: anataka pakiti yake ya mtindi Februari kama anavyoitaka Mei.

Jiweke mahali pa mwenye kiwanda. Ujenge kikubwa kiasi gani? Ukijenga kwa kipimo cha masika, mitambo italala sehemu kubwa ya mwaka, na mkopo wa benki haulali. Ukijenga kwa kipimo cha kiangazi, masika utawarudisha wafugaji na madumu yao. Watatafuta mnunuzi mwingine, na kiangazi utakapowahitaji huenda wasirudi. Njia ya tatu ni kununua mitambo ya kugeuza ziada kuwa kitu kinachokaa: jibini, samli, maziwa ya kuhifadhi muda mrefu, maziwa ya unga. Lakini mitambo hiyo ni ghali, inataka mafundi wa aina nyingine, na inakuingiza kwenye soko jingine kabisa, ambako utakutana na pakiti za Kenya na maziwa ya unga ya Ulaya.

Maamuzi ya namna hii huhesabiwa kuwa ya kiufundi, kwa hiyo mafundi huachiwa wayamalize wao kwa wao. Kumbe hapo ndipo kampuni inapojichagulia itakuwa nani: itauza nini, kwa nani, kwa bei gani, na itamkabili mshindani yupi. Mkurugenzi wa masoko atakayeajiriwa miaka mitano baadaye atakuta mengi yameshaamuliwa kwa zege na chuma cha pua. Makala hii inahusu maamuzi hayo, na Tanga ni mahali pazuri pa kuyatazama. Mkoa huu umekuwa na karibu kila aina ya kiwanda na karibu kila aina ya kufaulu na kuanguka.

Mshika mbili

Wazo kwamba uzalishaji ni suala la mkakati halikuwa dhahiri hata kwa mataifa yenye viwanda vingi. Mwaka 1969 Wickham Skinner, profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliandika kwamba wakuu wa kampuni za Marekani walikuwa wameuacha uzalishaji mikononi mwa wahandisi na wahasibu, huku wao wakijishughulisha na fedha na masoko. Wakuu hao walikuwa wakikipima kiwanda kwa jambo moja tu, gharama ya chini. Skinner aliuliza swali ambalo leo linaonekana jepesi: kiwanda hiki kinatakiwa kiwe hodari kwa lipi hasa?

Yako mambo manne ambayo kiwanda kinaweza kuyatolea jasho. Bei ya chini. Ubora. Uhakika, yaani mzigo ulioahidiwa Jumanne ufike Jumanne. Na wepesi wa kubadilika: kupokea oda ndogo, kugeuza bidhaa, kuongeza au kupunguza kasi. Skinner alisema huwezi kuwa bingwa wa yote manne kwa mitambo ileile na watu walewale. Mtambo unaotoa bidhaa moja kwa wingi na kwa bei poa ndio huohuo unaoumia ukiambiwa ubadilishe bidhaa mara tatu kwa siku. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na hapa anatakiwa kushika nne.

Miaka ya 1980 Terry Hill, Mwingereza, aliongeza jambo ambalo mimi naliona la manufaa kuliko orodha yenyewe. Alitenganisha sifa zinazokuingiza kwenye ushindani na sifa zinazokushindia. Nembo ya TBS, shirika la viwango la Tanzania, kwenye pakiti ya maziwa ni ya kuingilia. Bila hiyo hupati rafu ya duka kubwa, lakini hakuna mama anayesimama mbele ya friji na kuchagua pakiti kwa sababu ina TBS, zote zinayo. Anachagua kwa bei, kwa ladha, au kwa sababu ni pakiti pekee iliyokuwepo siku hiyo. Hiyo ya mwisho ni uhakika, nao hutengenezwa kiwandani na barabarani. Tangazo la redio haliuleti.

Saruji ni mfano mwingine. Mfyatuaji matofali wa Chumbageni na mkandarasi wa daraja wananunua kitu kinachoitwa kwa jina moja, ila mmoja anaangalia bei ya mfuko wa daraja la 32.5 na mwingine anataka 42.5, kwa wingi, kwa siku aliyopangiwa, na zege isimtie aibu mbele ya mhandisi mshauri. Kiwanda kikijipanga kumhudumia wa kwanza, kitafanya hesabu zake kwa namna moja. Kikimlenga wa pili, kitahitaji maabara nzito zaidi, magari ya kubeba saruji isiyo kwenye mifuko, na mpangaji wa uzalishaji anayejua ratiba ya ujenzi wa watu wengine. Wengi hujaribu kuwahudumia wote wawili bila kusema nani ametangulizwa, na msimamizi wa zamu ndiye anayelazimika kuamua saa nane usiku ni oda ipi isubiri.

Mahali, ukubwa na kipi ujitengenezee

Baadhi ya maamuzi ya uzalishaji hayarekebishiki kwa urahisi. Kiwanda kikishajengwa, kimejengwa. Tanga inayo mifano miwili inayosomesha vizuri ikiwekwa pamoja.

Wa kwanza ni kiwanda cha mbolea kilichoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Taifa la wakulima linahitaji mbolea, kwa hiyo nia ilikuwa njema. Ila malighafi zake kuu, yaani amonia, salfa, fosfati na potashi, mwanzoni zote zililetwa kwa meli kutoka nje. Fosfati ya Minjingu, mkoani Manyara, ilikuja miaka ya 1980. Bandari yenyewe ilikuwa ya maji mafupi: meli kubwa zilitia nanga mbali na gati, mzigo ukashushwa kwenye matishari, kisha ukapakuliwa tena gatini. Ukisafirisha malighafi nzito kwa mtindo huo ili utengeneze kitu ambacho kingeweza kuletwa kikiwa tayari, kila tani inaanza safari ikiwa na mzigo wa gharama ambao hakuna meneja, hata awe hodari namna gani, anayeweza kuufidia kwa kubana matumizi ya zamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kiwanda kilinyamaza. Watu hupenda kusema kiliuawa na uzembe. Uzembe huenda ulikuwepo, lakini hesabu ya mahali na malighafi ilikuwa imeshafanywa kabla mfanyakazi wa kwanza hajavaa kofia ngumu.

Wa pili ni saruji. Mawe ya chokaa ya Tanga ni mengi na yako karibu na uso wa ardhi. Mapango ya Amboni, wanakokwenda watoto wa shule kila mwaka, yamechongwa na maji ndani ya mwamba huohuo wa chokaa. Kikemia, kilo 100 za kabonati ya kalsiamu zikichomwa hubakiza kilo 56 za chokaa, na kilo 44 huondoka na moshi kama kaboni dioksidi. Ndiyo maana tani moja ya klinka, yaani mawe yaliyochomwa ambayo husagwa kuwa saruji, hula kama tani moja na nusu ya malighafi. Anayejenga kiwanda mbali na machimbo analipa nauli ya kusafirisha hewa. Tanga Cement, inayotengeneza Simba, iliwekwa Pongwe, jirani na mawe, na ikaanza kuzalisha mwaka 1980.

Hata hivyo mawe hayakumaliza hadithi. Kiwanda cha saruji kina hatua mbili kubwa: kuchoma mawe yawe klinka, na kusaga klinka iwe saruji. Kusaga ni rahisi kupanua. Kuchoma ni tanuri, na tanuri ni fedha nyingi. Kwa hiyo kila kampuni ya saruji hukutana na swali hili: tujichomee klinka yetu au tununue ya wengine? Ukinunua, umejiepusha na mkopo mkubwa, lakini gharama yako iko mikononi mwa muuzaji, na huyo siku nyingine ni mshindani wako. Ukijichomea, umepata uhuru, na pamoja nao umepata mnyama asiyelala. Tanuri hufanya kazi kwenye joto la nyuzi 1,450 hivi, usiku na mchana, na kila linapozimwa na kuwashwa upya matofali yake ya ndani huchakaa. Mwenye tanuri hawezi kuzalisha kwa kufuata soko. Lazima soko lilishwe kwa kasi ya tanuri.

Katikati ya miaka ya 2010 Tanga Cement iliwasha tanuri lake la pili ili ijitosheleze kwa klinka. Karibu na wakati huohuo, kampuni ya Kenya, ARM, ilikuwa na tanuri lake Maweni, hapahapa Tanga. ARM ililemewa na madeni, ikawekwa chini ya wasimamizi Agosti 2018, na Maweni ikachukuliwa na Huaxin ya China mwaka 2020. Simba nayo imebadilisha wamiliki katika miaka ya karibuni. Mwamba haukusogea hata inchi. Ninachokiona katika hadithi hizi ni uzito wa uamuzi mmoja: kuongeza uwezo wa kuzalisha ni kamari inayolipiwa mapema, kwa fedha za leo, juu ya bei ya saruji ya miaka kumi ijayo. Kila mshindani akifanya hesabu hiyo peke yake, wote hujenga pamoja, bei hushuka, na anayebaki ni yule aliyejenga kwa deni dogo au aliyeweza kuliendesha tanuri siku nyingi zaidi bila kulizima.

Korona ya mkonge na foleni yake

Kuhusu mkonge kila Mtanga ana maelezo yake. Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, na 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai. Kutokana na hiyo ulikua uchumi mzima. Mwaka 1964 nchi ilizalisha tani kama 230,000 na ilikuwa ya kwanza duniani. Miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 30,000. Ukiuliza sababu utajibiwa mbili: kamba za plastiki, na kutaifishwa kwa mashamba baada ya Azimio la Arusha. Zote ni za kweli. Lakini zinatazama nje ya kiwanda, na mimi nataka tuingie ndani.

Jani la mkonge lina singa, yaani nyuzi, kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Zilizobaki ni maji na nyama ya jani. Maana yake, korona, ile mashine kubwa ya kusinga, hupokea tani 100 za majani na kurudisha kama tani nne za singa. Kwa hiyo lazima iwe karibu na shamba, lazima ilishwe bila kukatika, na lazima ipate maji mengi ya kuoshea. Jani nalo halisubiri: likikaa zaidi ya siku mbili hivi tangu likatwe, linaanza kukauka na singa yake inakuwa ngumu kusafishika. Mashamba makubwa yalijibu hayo yote kwa mpango mmoja, nao ulikuwa wa werevu: korona moja katikati, reli nyembamba za matroli zikitawanyika shambani, na maelfu ya vibarua wa mkataba, manamba, walioletwa kutoka Kigoma, Songea na hata nje ya mipaka, kwa miaka mingi kupitia ofisi ya ajira ya wenye mashamba iliyojulikana kama SILABU.

Mfumo huo ulichagua kushinda kwa jambo moja: singa nyingi kwa gharama ndogo ya kazi. Ulifaa kwa muda wote ambao kazi ilikuwa rahisi na kamba ya plastiki haijazaliwa. Mishahara ilipopanda baada ya uhuru na plastiki ikaja, kila sehemu ya mfumo ilikuwa imefungwa kwa nyenzake. Huwezi kupunguza nusu ya korona. Na ukiacha kupanda upya kwa miaka michache kwa sababu bei ni mbaya, hutaona lolote mwaka huo, kwa kuwa mkonge wa zamani bado unakatwa. Athari huja baadaye, mikonge inapotoa mlingoti wa maua na kufa bila warithi, na bei ikipanda tena korona haina cha kusaga. Uwezo wa kiwanda cha mkonge huamuliwa shambani, miaka mitatu hivi kabla ya jani la kwanza kukatwa. Sijui kiwanda kingine hapa kwetu ambacho usimamizi wake wa uzalishaji unahitaji macho marefu kiasi hicho.

Ndani ya siku moja ya kazi kuna somo jingine, nalo hutumika kila mahali. Tuchukue mfano wa kubuni. Wakataji wanaweza kuleta majani ya tani sita za singa kwa siku. Korona inaweza kusinga tani tano. Nyaya za kuanikia zinakausha tani tatu. Brashi na mashine ya kufunga robota vinaweza kumaliza tani saba. Kiwanda hiki kinatoa tani ngapi? Tatu. Ukinunua korona mpya ya tani nane, kitatoa tatu. Ukiwaongezea wakataji posho, kitatoa tatu, na rundo la singa mbichi litaanza kubadilika rangi na kushuka daraja. Saa moja iliyopotea kwenye nyaya ni saa iliyopotea kwa kiwanda kizima. Saa iliyopotea kwenye brashi haina uzito wowote. Kazi ya kwanza ya meneja uzalishaji ni kujua mahali panapokwama, na kuelekeza fedha na mafundi huko.

Na mahali hapo huhama. Kiangazi jua la Tanga hukausha singa haraka, na pengine korona ndiyo inayochelewesha. Masika, nyaya zinajaa na hazikauki. Kwa hiyo bajeti inayopangwa mara moja kwa mwaka kwa wastani wa mwaka itakosea misimu yote miwili. Siku hizi, wakulima wengi wadogo wa mkonge wakiwa kwenye ushirika wakitegemea korona wasiyoimiliki, swali la foleni limekuwa pia swali la haki: jani la nani lisubiri? Anayepanga ratiba ya korona anagawa hasara, hata kama kwenye karatasi cheo chake ni karani wa zamu.

Sasa tazama ushindani. Brazil, ambayo ndiyo iliyoongoza dunia baada ya Tanganyika kuporomoka, husinga mkonge wake mwingi kwa vimashine vidogo vinavyokokotwa hadi shambani kwa mkulima. Mtaji ni mdogo na gharama ni ndogo. Singa ya Afrika Mashariki huoshwa, huanikwa na kupigwa brashi, ni ndefu na nyeupe zaidi, na huuzwa kwa madaraja kama 3L na UG. Tanga ikijaribu kumshinda Mbrazili kwa bei ya chini, inacheza mchezo wa mwenzake. Wanunuzi wa singa safi wapo: watengenezaji wa zulia, wa vitambaa vya kung'arishia vyuma, wa mapambo ya jasi katika nchi za Kiarabu. Kama ndiyo hivyo, kipimo cha meneja wa korona kisiwe tani peke yake. Kiwe ni kiasi gani cha tani hizo kimeingia daraja la juu. Ukimpima kwa tani, atakupa tani, na chache zake zitakuwa za kuuzia.

Nayo ile asilimia 96 inayotupwa ina neno. Mwaka 2007 katika shamba la Hale ulianza mtambo wa kuzalisha umeme kwa biogesi ya mabaki ya mkonge, wa kwanza wa aina hiyo duniani. Kituo cha utafiti cha Mlingano, karibu na Muheza, kilikuwa kimeshatoa chotara namba 11648, ambayo huzaa majani zaidi ya mara mbili ya mkonge wa kawaida. Maarifa yamekuwepo. Kilichokosekana mara nyingi ni mtu wa kuyaunganisha na ratiba, mkopo na mnunuzi.

Je, ubora unagharimu au unaokoa?

Hapa wasomaji wengi huchanganyikiwa, na wana haki. Skinner anasema chagua. Halafu wakaja Wajapani, na magari yao yakawa ya bei nafuu na imara na yakafika kwa wakati. Nani mkweli?

Tukio linalosaidia zaidi ni la Fremont, California. General Motors ilifunga kiwanda chake hapo mwaka 1982. Kilikuwa na sifa mbaya ya utoro, migomo na magari mabovu. Mwaka 1984 kilifunguliwa tena kwa ubia na Toyota, kwa jina la NUMMI. Wafanyakazi wengi walikuwa walewale, chama cha wafanyakazi kilekile. Kilichobadilika ni namna ya kusimamia: mfanyakazi yeyote alipewa ruhusa ya kuvuta kamba na kusimamisha mstari akiona kasoro. Katika muda mfupi ubora ulikaribia ule wa viwanda vya Toyota Japani. Wazo la kusimama penye kasoro Toyota walilirithi kutoka kwa Sakichi Toyoda, aliyebuni mashine ya kufumia nguo inayojizima yenyewe uzi ukikatika, ili isiendelee kufuma kitambaa kibovu.

Wafugaji wa Tanga wanalijua hili bila profesa. Dumu moja la maziwa yaliyochacha likimiminwa kwenye tangi la kupoozea, limeharibu ya wafugaji wote wa asubuhi ile. Ndiyo maana kwenye vituo vya kukusanyia kuna mtu mwenye laktomita, kifaa cha kutambua maziwa yaliyotiwa maji, na kipimo cha spiriti, anayepima maziwa ya kila mfugaji kabla ya kumimina. Kuna wanaomnung'unikia. Lakini linganisha gharama yake na ile ya kugundua kasoro baada ya pakiti kufika Dar es Salaam. Maziwa ndiyo bidhaa inayofuata kikamilifu ule msemo wa Tanga, waja leo waondoka leo. Yakilala bila baridi, hayana kesho.

Kwa hiyo ugomvi unamalizwa hivi. Kiwanda chenye upotevu mwingi, yaani bidhaa za kurudiwa, mashine zinazosubiri vipuri, malundo ghalani, watu wanaotembea kutafuta spana, kinaweza kuboresha ubora na kushusha gharama kwa wakati mmoja, kwa sababu kinachoondolewa hakikuwa na faida kwa yeyote. Viwanda vyetu vingi viko hapo. Skinner ana haki pale upotevu umeshapungua sana: ukifika ukingoni, kila hatua kuelekea sifa moja inakula nyingine. Kasra Ferdows na Arnoud De Meyer, waliochunguza viwanda vya Ulaya, walipendekeza mwaka 1990 mpangilio wa kuanzia: ubora kwanza, halafu uhakika, halafu kasi, na gharama ishuke ikiwa ni matokeo ya hayo. Meneja anayeanza kwa kukata gharama, hasa ya matengenezo, hupata hesabu nzuri kwa robo mwaka moja au mbili, kisha beringi inakwisha usiku wa Jumamosi na kipuri kiko Ujerumani.

Tanzania haijaachwa nyuma katika mafunzo. Tangu 2013 wizara inayohusika na viwanda imekuwa ikifundisha kaizen, yaani kuboresha kazi kidogo kidogo kila siku, kwa msaada wa JICA, shirika la ushirikiano wa kimataifa la Japani. Hofu yangu ni kwamba kaizen nyingi huishia kupanga stoo na kupaka mistari ya njano sakafuni. Ni kazi nzuri, ila haitamwambia mkurugenzi kama anatakiwa kununua tanuri.

Nani anakaa kwenye kikao

Robert Hayes na Steven Wheelwright, mwaka 1984, walizigawa kampuni katika ngazi nne. Ya chini kabisa inaomba tu kiwanda kisilete aibu. Ya pili inataka kiwe sawa na cha jirani. Ya tatu inakitaka kitekeleze mkakati ulioandikwa na wengine. Ya nne inauliza kiwanda kinaweza nini ambacho wengine hawawezi, na kuandika mkakati kuanzia hapo. Kujua kampuni iko ngazi ipi hakuhitaji mshauri wa kulipwa. Tazama mkataba mkubwa unaposainiwa: meneja uzalishaji yumo chumbani, au anapigiwa simu jioni kuambiwa "tumeshamuahidi mteja"?

Tanga ya sasa inalifanya swali hilo kuwa la haraka. Bandari imechimbwa hadi kina cha mita 13 na gati zimejengwa upya, kazi iliyogharimu shilingi bilioni 429 hivi, na meli sasa zinafunga gatini. Kwa mwenye kiwanda hii inabadilisha hesabu za ndani: akiba ya malighafi iliyokuwa lazima kwa sababu ya matishari huenda sasa ni fedha iliyolala ghalani, soko la nje lililokuwa halilipi huenda linalipa. Ila gati hiyohiyo inashusha pia bidhaa za mshindani. Na Horohoro, kituo cha mpakani na Kenya, iko karibu: machungwa ya Muheza yamekuwa yakivuka kwenda Kenya yakiwa mabichi kwa miaka mingi, na thamani yake kuongezwa huko.

Bado kuna jambo la vipimo. Mali bila daftari huisha bila habari, lakini daftari lenye namba isiyofaa nalo humaliza mali. Msimamizi anayelipwa bonasi kwa idadi ya mifuko ya saruji atajaza ghala, na saruji ya mfuko hupoteza nguvu ikikaa miezi, haraka zaidi katika unyevu wa pwani. Kwa mwenye tanuri namba ya kutundika ukutani ni saa ambazo limewaka mfululizo bila kuzimwa kwa dharura. Kwa mwenye maziwa ni lita zilizokataliwa, na zimekataliwa wapi: kituoni, kiwandani au dukani. Kwa mwenye korona ni sehemu ya singa iliyoingia daraja la juu, na saa zilizopita tangu jani likatwe hadi lisingwe. Namba hizi hazipo kwenye ripoti ya mhasibu ya mwisho wa mwezi. Ziko kwenye daftari la zamu, mara nyingi kwa mwandiko wa mtu ambaye hajawahi kuitwa kwenye kikao cha bodi.